Eleza Kivuli Kwanza, Jina la Ugonjwa Baadaye

Vijana wanaokuja Tabora kwa mafunzo ya vitendo, wakipita chumba cha mionzi, huwa na swali moja: daktari, unajuaje? Wamemwona bingwa akiwekewa picha ya kifua ambayo hajawahi kuiona, ya mgonjwa asiyemjua. Anaitazama kidogo, anataja ugonjwa mmoja au miwili, na wiki kadhaa baadaye majibu ya patholojia, yaani ya kipande cha nyama kilichopimwa maabara, yanarudi yakikubaliana naye. Wanaondoka wakiamini kuna jicho ambalo wengine tumepewa na wao wamenyimwa.

Sitakataa kwamba jicho lipo. Mwaka 1975 watafiti wawili wa Marekani, Harold Kundel na Calvin Nodine, waliwaonyesha madaktari wa radiolojia picha za kifua kwa moja ya tano ya sekunde, muda usiotosha hata kuhamisha macho kutoka pafu moja kwenda jingine. Bado waligundua kasoro kama saba katika kila kumi. Hilo ni jambo la kushangaza, na linatokana na kuona maelfu ya vifua vizima mpaka kisicho kizima kinajitokeza chenyewe. Lakini katika jaribio lilelile, walipoachwa watazame kwa muda waliotaka, walikaribia kugundua zote. Mtazamo wa kwanza unakuonyesha pa kuanzia. Mrina asali wa Sikonge akiingia porini anahisi upande walipo nyuki kabla mwenzake hajashusha mzigo, ila hapandi mti mpaka ameuzunguka na kuukagua.

Makala hii inahusu huko kuuzunguka mti. Nawaandikia madaktari wachanga, matabibu na wateknolojia wa radiolojia, hasa walio wilayani ambako bingwa yuko mbali na picha inabidi isomwe leo. Wagonjwa nao wana sehemu yao.

Nilipokuwa nasomea ubingwa Dar es Salaam tulikuwa na kikao cha picha za fumbo. Mwanafunzi anasimama mbele, picha inawekwa ikiwa na umri na jinsia ya mgonjwa tu, kisha mwalimu anauliza, "Unaona nini?" Wengi wetu tulikuwa tunakimbilia kujibu "TB". Mwalimu wetu mmoja alikuwa na jibu ambalo hakulibadilisha kwa mwanafunzi yeyote: "Mwanangu, TB haionekani kwenye picha. Kinachoonekana ni kivuli. Nieleze kivuli."

Nimekuja kuamini kwamba hapo ndipo penye siri yote ya kusoma picha ngumu. Jina la ugonjwa likishatoka mdomoni, macho yanaacha kutafuta na yanaanza kutetea. Ukisema TB, kila doa utakaloliona baada ya hapo litageuka kuwa TB, na lile lisilolingana nayo utalipita. Ukieleza kwanza, picha inakulazimisha kubaki mwaminifu kwa kilichopo.

Kueleza kuna utaratibu wake, na utaratibu huo ndio unaomtofautisha mzoefu. Anaanza na mambo ambayo mwanafunzi huyaona ya kijinga: hii ni picha ya nani, ya tarehe gani, alama ya kulia na kushoto iko wapi. Mgonjwa alivuta pumzi vya kutosha? Ukihesabu mbavu za nyuma juu ya kiwambo, yaani msuli unaotenganisha kifua na tumbo, ukapata tisa au kumi, alivuta. Ukipata saba, mapafu yamejikunja, na weupe unaouona chini unaweza usiwe ugonjwa kabisa. Alisimama sawasawa? Tazama ncha za ndani za mitulinga, kama zote ziko umbali sawa na katikati ya uti wa mgongo. Aliyepinda kidogo huonyesha moyo mkubwa ambao hana. Nimeona picha nyingi zilizoitwa ngumu ambazo ugumu wake wote ulikuwa mgonjwa kukaa vibaya. Dawa yake ni kumwomba mteknolojia apige tena, basi.

Baada ya hapo ndipo unakuja kivuli chenyewe. Eksirei inajua vitu vitano tu: hewa, mafuta, maji pamoja na nyama laini, mfupa, na chuma. Kwa hiyo, kivuli hiki ni cheupe kwa kiwango cha kipi kati ya hivyo? Kiko wapi, juu au chini, katikati au pembeni? Kingo zake ni safi au zimechakaa? Ni kimoja au vingi, na vimetawanyika vipi? Halafu linakuja swali ninalolipenda kuliko yote: kinawafanya nini majirani zake?

Nikae kidogo hapa, maana swali hili limeokoa watu. Chukua picha ambayo upande mmoja wote wa kifua ni mweupe. Asiye mzoefu anaandika "maji kwenye kifua" na mgonjwa anaandaliwa kutobolewa. Mzoefu anatazama bomba la hewa na moyo kwanza. Vikiwa vimesukumwa kwenda upande mzima, kuna kitu kimejaa na kinasukuma, kwa kawaida maji mengi. Vikiwa vimevutwa kuelekea upande mweupe, pafu limesinyaa, na mtu ajiulize ni nini kimeziba njia ya hewa. Kwa mtoto inaweza kuwa punje ya karanga, kwa mzee saratani. Visiposogea popote, huenda ni nimonia iliyojaza pafu lote, au ni mambo mawili kwa pamoja: pafu limesinyaa na maji yamejaa, kimoja kinavuta na kingine kinasukuma. Weupe ni uleule mara tatu, na matibabu ni tofauti kabisa. Ukimtoboa mwenye pafu lililosinyaa ukidhani ana maji, utamdhuru.

Kuna kanuni nyingine ya zamani aliyoifafanua Benjamin Felson wa Marekani mwaka 1950, nayo haihitaji mashine mpya. Ukingo wa moyo unaonekana kwa sababu pafu lenye hewa liko ubavuni mwake. Ugonjwa ukiijaza sehemu ya pafu inayougusa moyo, ukingo ule unafutika. Ukingo wa kulia wa moyo ukipotea, ugonjwa uko kwenye sehemu ya kati ya pafu la kulia. Ukibaki wazi huku mstari wa kiwambo umepotea, ugonjwa uko sehemu ya chini. Kwa picha moja bapa unaweza kujua kivuli kiko kwenye kina gani. Mpaka leo nikiieleza kanuni hii kwa tabibu aliyetoka kituo cha afya naona uso wake unavyobadilika, na mimi hufurahi pamoja naye.

Siku hizi mashine za CT, zinazopiga mwili kwa vipande vyembamba, zimefika kwenye hospitali za rufaa za mikoa, na wapo wanaodhani mafumbo yamekwisha. CT imetupa kitu cha thamani, yaani namba. Godfrey Hounsfield, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1979 pamoja na Allan Cormack aliyezaliwa Afrika Kusini, ametuachia kipimo ambacho maji ni 0 na hewa ni −1000. Mafuta huangukia chini ya sifuri, karibu na −100, damu mbichi iliyoganda kichwani hukaribia 60 au 70, na mfupa hupanda mamia mengi juu. Uvimbe wa figo ukiupima ukakuta ndani yake kuna mafuta, orodha yako ya uwezekano imepungua ghafla, na mara nyingi kwa habari njema. Lakini CT moja ya kifua ina picha mamia. Aliyekuwa hajui kueleza kivuli kimoja sasa ana mamia ya kutoeleza.

Niwape mfano wa hapahapa, nikiwa nimebadilisha yanayoweza kumtambulisha mhusika. Aliletwa mzee mwenye kikohozi cha muda mrefu na kupungua mwili. Dawa za TB alishameza zaidi ya mara moja, vipimo vya makohozi havikuonyesha kitu, na safari hii fomu ilisema: "saratani ya mapafu?" Picha ilikuwa na vivuli viwili vikubwa, kimoja kila pafu, vyote upande wa juu.

Tulipoanza kueleza bila kutaja jina, saratani ilianza kupwaya. Vivuli vilikuwa pande zote mbili na vinakaribia kufanana. Kingo zake za nje zilikuwa zimelala sambamba na ukuta wa kifua, na kati yake na mbavu kulikuwa na weusi wa pafu lililotanuka. Mizizi ya mapafu, pale mishipa na njia za hewa zinapoingilia, ilikuwa imevutwa juu, kwa hiyo vilikuwa vinavuta, kwa tabia ya kovu. Kuvizunguka kulikuwa na vinundu vidogo vya duara, vingi zaidi juu kuliko chini. Na tezi za kwenye mizizi ya mapafu zilikuwa na chokaa, chokaa yenyewe imekaa pembeni mwa tezi tu na kuizunguka.

Nikatoka nje kwenye benchi. "Shikamoo baba. Kazi yako ni ipi?" Akaniambia ni mkulima, na fomu nayo ilisema hivyohivyo. "Na kabla ya kulima?" Akanyamaza. Mkewe ndiye aliyejibu: "Mwambie daktari ulikuwa duarani." Kumbe miaka mingi ya ujana wake alichimba dhahabu upande wa Nzega, akachoronga mwamba kisha akahamia karasha, kusaga mawe makavu bila kitu chochote puani.

Vumbi la mawe yenye silika hufanya hasa kile tulichokuwa tumekieleza. Vinundu vyake hupenda sehemu ya juu ya mapafu, navyo vikiungana miaka ikipita huwa makovu makubwa yanayodanganya watu kwamba ni saratani. Yanaweza kuendelea kukua hata baada ya mtu kuacha machimbo. Hayo hayakufunga mjadala, maana mwenye mapafu ya silika hupata TB kwa urahisi kuliko mtu mwingine, na viwili hivyo hukaa pamoja. Ndiyo maana ripoti iliomba makohozi yapimwe tena kwa GeneXpert, mashine inayotafuta vinasaba vya TB, na picha za zamani zitafutwe, badala ya kufunga mlango. Lakini angalia njia ilivyokwenda. Maelezo ya kivuli yalizaa swali, na swali likanitoa chumbani mpaka kwenye benchi. Jibu alikuwa nalo mke wa mgonjwa.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa anayejaza fomu ya picha: usiandike "kikohozi, picha ya kifua" ukasaini. Andika amekohoa muda gani, ana homa au hana, hali yake ya VVU kama inajulikana, amewahi kutibiwa nini, amewahi kufanya kazi gani na ameishi wapi. Kitu cha VVU si udadisi. Mtu ambaye CD4 zake, yaani chembe za kinga, zimeshuka chini ya 200 anaweza kuwa na TB isiyo na tundu upande wa juu kama vitabu vinavyochora. Inakaa chini, au inavimbisha tezi tu, na wakati mwingine picha inaonekana nzima kabisa. Mtu wa majaruba ya mpunga kule Igunga anayekojoa damu, picha yake ya nyonga ikionyesha mstari mwembamba wa chokaa unaozunguka kibofu, nitawaza kichocho papo hapo. Bila neno "majaruba" na neno "damu", nitachukua muda mrefu zaidi kufika.

Wapo wanaosema bingwa asisome fomu kwanza, asije akapofushwa na mawazo ya mwenzake. Hoja ina uzito. Mimi nafanya hivi: naitazama picha kwanza bila fomu, nasema kwa sauti ninachokiona, kisha nasoma fomu na kurudi kwenye picha mara ya pili. Mara ya pili ndiyo inayoleta mengi.

Sasa picha ya zamani. Kama ningeruhusiwa kumwomba kila mgonjwa wa mkoa huu jambo moja, ningemwomba asitupe picha zake. Kinundu kigumu cha kwenye pafu ambacho hakijabadilika kwa miaka miwili kwa kawaida hakina madhara, kinaweza kuachwa. Kinundu kilekile kikiwa hakikuwepo mwaka jana kinahitaji kufuatiliwa haraka. Kwa picha ya leo peke yake siwezi kuvitofautisha, wala bingwa wa hospitali yoyote kubwa hawezi. Lile bahasha la kahawia lililoko juu ya kabati, au CD uliyopewa mkononi, linaweza kukuokoa na safari ya Mwanza au Dar es Salaam na kuchukuliwa kipande cha nyama pasipo sababu. Mama, baba, njoo nalo. Liwe limechakaa, njoo nalo.

Kuna mtego mwingine unaowanasa hata wakubwa. Ukishapata kitu kimoja, moyo unatulia na unaacha kutafuta. Mtu ameanguka na pikipiki, unaona ubavu umevunjika, unaandika, unafunga, na hewa iliyovuja juu kabisa ya pafu inabaki palepale bila kuonwa. Mwaka 2013 Trafton Drew na wenzake walichapisha utafiti ambao kila anayesoma picha anapaswa kuujua. Waliweka picha ya sokwe ndani ya CT ya mapafu, sokwe mkubwa mara 48 ya kinundu cha kawaida, wakawaomba madaktari 24 wa radiolojia watafute vinundu. Ishirini hawakumwona sokwe. Na vifaa vya kufuatilia macho vilionyesha kwamba wengi wa waliomkosa walitazama palepale alipokuwa. Kundel na Nodine walikuwa wamekuta jambo la aina hiyo miaka mingi nyuma: vinundu vingi vinavyokoswa, macho yalishavipitia.

Hii inamaanisha kwamba kujihimiza "tazama vizuri" hakusaidii sana. Kinachosaidia ni kuwa na orodha ya maeneo ya kwenda hata kama umeshapata jibu. Mimi kwa kifua narudi juu kabisa nyuma ya mitulinga, nyuma ya moyo, chini ya mstari wa kiwambo ambako pafu bado lipo, kwenye mizizi yote miwili, kisha mifupa ya mabega na pembe za picha. Narudi huko hasa nikiwa nimeshafurahia nilichokipata, maana furaha ile ndiyo hatari.

Juu ya kupanga uwezekano nitasema kidogo. Vitabu vingi tunavyosoma vimeandikwa kwa wagonjwa wa nchi nyingine, na orodha zao zimepangwa kwa magonjwa ya kwao. Hapa kwetu ugonjwa wa kawaida uliokuja kwa sura isiyo ya kawaida ni jibu la mafumbo mengi kuliko ugonjwa wa nadra. Anza huko. Kisha, kabla hujasaini, jiulize ni ugonjwa gani ambao ukiukosa leo mgonjwa hatafika kesho, uutafute huo kwa makusudi hata kama uko mwisho wa orodha.

Na usipojua? Andika kwamba hujui, ila andika kwa namna itakayomsaidia aliyeko wodini. Ripoti yenye magonjwa kumi na mawili na "linganisha na hali ya mgonjwa" mwishoni haimsaidii mtu. Eleza kivuli, taja uwezekano miwili au mitatu kwa mpangilio wa uzito, sema kila mmoja unaungwa mkono na nini na unapingwa na nini, kisha taja kipimo kimoja kitakachoutenganisha huu na ule. Piga simu wodini. Muulize mwenzako. Ukimtumia picha kwa WhatsApp, ondoa jina na namba ya mgonjwa. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata isingekuwepo, mgonjwa hakukupa kifua chake ukisambaze. Usimpigie picha filamu uliyoiinua dirishani penye jua kisha ukataka akupe jibu la uhakika: mng'aro wa kioo na kivuli cha mkono wako vitakuwa vimeongezeka humo. Tafuta kisanduku cha taa, funga mapazia, zima flashi ya simu.

La mwisho ni lile linalojenga ubingwa wenyewe. Mtu anaweza kusoma picha miaka ishirini asiongezeke kitu, kama hajui wagonjwa wake waliishia wapi. Aliyepata majibu ya picha mia moja ngumu anamzidi aliyesoma elfu kumi na kuzisahau. Nunua daftari, hata la shule la kurasa mia mbili. Kila picha iliyokusumbua iandike humo kwa namba ya jalada tu, bila jina, na daftari lilale kwenye kabati lenye kufuli. Andika maelezo yako ya kivuli kama ulivyoyasema siku hiyo, jibu ulilolipendelea, na kwa nini. Acha nafasi upande wa kulia. Upasuaji ukifanyika, patholojia ikirudi kutoka Bugando au Muhimbili, au mgonjwa akipona kwa dawa uliyodhani haitamfaa, jaza nafasi hiyo na usome upya maelezo yako, utafute ni neno gani katika maelezo lilikuwa limeshataja jibu. Siku ukikuta nafasi nyingi za upande wa kulia ziko tupu, nenda masjala ukaombe majalada, kisha wodini ukaulize.